Batri, Buji na Hewa Tunayosahau



Katika gazeti letu dogo hili tumesoma mara mingi juu ya usafi, juu ya kuchelewa na juu ya kelele za bwenini. Leo ninaomba nafasi kidogo kwa jambo lingine, ambalo linafanyika kila siku karibu na vitanda vyetu. Ni chumba cha batri. Wote tunakijua: chumba kidogo nyuma ya bweni la wavulana, mlango wa chuma, dirisha hakuna, na juu plafo imepigwa vizuri kabisa. Ndani iko batri sita za risasi na asidi. Pano za jua zinazijaza muchana, kusudi usiku tupate mwanga wa kusomea. Jioni mwanafunzi wa zamu anaingia kuangalia kama maji ya batri yamepungua. Na mara mingi anaingia na buji mkononi.

Maoni yangu ni haya, ninayasema wazi: buji ile isiingie tena, na chumba kile kitobolewe juu mbele ya muhula huu kwisha. Zaidi ya ile, ninaomba somo letu la shimi litufundishe namna moto unavyokutana na hewa, si majina ya gazi peke yake. Wengi wanazani hatari iko ndani ya batri tu. Hatari kubwa iko pale gazi ya batri inapochanganyika na hewa. Ni mchanganyiko ule unaoamua kama tutaona mwali mdogo wa moto ao mlipuko.

MOTO UNAKULA VITU VIWILI

Tuanze na mbabula, kwa sababu kila mtu anaijua. Mama akiona makala inakataa kushika, haongezi makala. Anapepea. Yeye hakusoma shimi, lakini anajua ya kuwa moto unakula vitu viwili: kitu kinachowaka na hewa. Ukiupatia kimoja na kuunyima kingine, unakasirika ao unakufa. Mbabula ikiwekwa ndani ya nyumba iliyofungwa, hewa inapunguka, na makala inaanza kutoa gazi ya sumu isiyo na harufu. Watu wanalala, hawaamuki. Makala ni ile ile ya jana. Kilichobadilika ni hewa.

Angalieni tena taa ya petroli. Ukiiwasha bila kioo, inatoa moshi mweusi. Ukiweka kioo, hewa inapanda vizuri toka chini, moshi unakwisha na mwanga unakuwa mweupe. Vilevile resho ya gazi: chini ya kichwa chake iko vitundu ambavyo hewa inaingilia. Vitundu vikiwa safi, moto ni wa buluu. Vikizibwa na uchafu, moto unakuwa wa manjano na sufuria inakuwa nyeusi.

Basi tunaona kuna namna mbili za kuwaka. Namna ya kwanza, kitu kinachowaka kinatoka peke yake, kinakutana na hewa pale pale penye moto. Buji inawaka hivi. Moto wa namna hii unakwenda polepole, kwa sababu lazima ungojee hewa ifike. Namna ya pili, hewa na kitu kinachowaka vimekwisha kuchanganyika mbele ya moto kufika. Hapo moto haungoji mtu. Chakula chote kimekwisha kupikwa na kupangwa mezani. Unakula sahani zote kwa mara moja.

Ninyi wa klasi za chini, mkishika jambo hili moja tu, mmeshika nusu ya maandiko yangu.

IDROJENI NI GAZI YA NAMNA GANI?

Mwaka 1766, Cavendish wa Uingereza alieleza gazi inayotoka wakati asidi inapokula chuma, na akaona inashika moto upesi. Nyuma yake Lavoisier wa Ufaransa alionyesha ya kuwa gazi ile ikiwaka inazaa maji, na jina idrojeni maana yake ni hivyo: mwenye kuzaa maji. Ni gazi nyepesi kupita zote. Hewa inaishinda uzito mara 14 hivi. Kwa hiyo ikitoka, inapanda juu mbiombio.

Sasa tupime tabia yake. Mvuke wa esanse unashika moto ukiwa kati ya 1.4 na 7.6 kwa mia ya hewa. Ukipunguka, hauwaki, ukizidi, hauwaki pia, kwa sababu hewa haitoshi. Gazi ya metani inawaka kati ya 5 na 15 kwa mia. Lakini idrojeni inawaka toka 4 mpaka 75 kwa mia! Gazi zingine ziko na mlango mwembamba. Idrojeni iko na mlango mpana ambao gari la moshi linaweza kupita.

Tena haiombi kiberiti kikubwa. Inatosha nguvu ya milijuli 0.02, na metani inataka kama 0.28. Cheche ambayo inaruka kwenye shati la nailoni, na kidole hakisikii hata kidogo, inaweza kuiwasha. Na mwali wake ni wa buluu iliyopauka sana. Muchana unaweza kusimama karibu nao usiuone.

Lakini wasomaji wangu, sikilizeni sasa ginsi uchanganyiko unavyobadilisha mambo. Idrojeni ikiwa kati ya 4 na 8 kwa mia ya hewa, moto wake ni zaifu, unapanda juu tu kama mtu anayepanda ngazi akiwa amechoka. Ikifika karibu na 30 kwa mia, hewa na gazi vinatoshana kabisa, hakuna kinachobaki. Hapo moto unakimbia na kupiga. Kati ya 18 na 59 kwa mia, kama mahali pamefungwa na njia iko ya kuukimbiza, inaweza kuwa mlipuko wa kweli unaopasua ukuta. Gazi ni moja, kiberiti ni kimoja. Hewa ndiyo inatofautisha.

MELI YA HEWA NA NYUMBA YA JAPANI

Mambo haya yalishaonekana mbele ya macho ya dunia yote, mara mbili, kwa namna mbili tofauti.

Tarehe 6 Mei 1937, kule Lakehurst katika Marekani, meli ya hewa ya Wajerumani, jina lake Hindenburg, ilishika moto ikiwa inataka kushuka. Tumboni ilikuwa na metri kibu karibu 200,000 za idrojeni. Mutu akisikia hesabu ile atasema: hakuna aliyepona. Kumbe, katika watu 97 waliokuwamo, 62 walipona. Waliokufa ni 35, pamoja na mfanyakazi mmoja aliyekuwa chini. Ilikuwa msiba mkubwa, na meli yote iliungua kwa muda wa nusu dakika hivi. Lakini idrojeni ya mifuko ile ilikuwa safi. Iliwaka pale ilipokutana na hewa, na moto ulipanda juu kama moto wa buji kubwa sana. Haikulipuka yote kwa pigo moja.

Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko na mawimbi ya bahari vilipiga Japani, na mashini za Fukushima zilikosa maji ya kuzipoza. Ndani yake madini ya moto yaligusana na mvuke wa maji, idrojeni ikazaliwa. Ilipanda, ikakusanyika chini ya dari ya nyumba, ikachanganyika na hewa polepole. Tarehe 12 nyumba ya mashini ya kwanza ilipasuka, na tarehe 14 ile ya tatu. Ukuta wa beto uliruka kama karatasi. Pale gazi haikuwaka mlangoni pa hewa. Ilikuwa imekwisha kukaa na hewa chini ya dari moja, inangoja cheche.

Sasa ninauliza: chumba chetu cha batri kinafanana na meli ile, ao na nyumba ile? Kiko na plafo. Hakiko na dirisha. Jibu mnalo.

BATRI INAFANYA NINI WAKATI INASHIBA

Wengine watasema: batri ni ya umeme, idrojeni inatoka wapi? Inatoka kwenye maji. Batri ya risasi na asidi ikiwa bado na njaa, umeme unaoingia unafanya kazi ya kuijaza. Lakini ikikaribia kushiba, umeme unaoendelea kuingia unapasua maji kuwa gazi mbili: idrojeni mbili, oksijeni moja. Njo maana tunaona povu, njo maana maji yanapunguka. Yale maji hayakupotea, yamekuwa gazi.

Na hapa iko jambo ambalo ninaomba kila mtu wa zamu alikumbuke. Gazi inayotoka katika batri haingoji hewa ya chumba. Inatoka imekwisha kuchanganyika na oksijeni yake, tena kwa kipimo kile kile inachohitaji kuwaka yote. Juu ya asidi, ndani ya batri yenyewe, iko nafasi ndogo iliyojaa mchanganyiko ule. Kwa hiyo mtu anayefungua kifuniko na kuinamisha buji ili aone maji, anapeleka moto kwenye mahali pabaya kupita pote. Haombi chumba kijae. Batri peke yake inatosha kupasuka na kumrushia asidi machoni.

Muhula uliopita ilitokea hivyo kwa fundi mmoja wa kuchaji batri hapa mjini. Hakuwa na buji. Alitoa kipini cha chaji wakati umeme bado unapita, cheche moja ikaruka. Kifuniko cha batri kilipasuka kama risasi ya bunduki. Mungu alimsaidia, uso ulikuwa umegeuka upande, lakini shati lake lilibaki na matundu kama wavu. Jirani alimwagia maji mingi toka kwenye bido, na ndiyo dawa ya kwanza: maji, tena maji, robo ya saa bila kuacha.

Tufanye hesabu kidogo, ili wasiseme ya kama ninaogopesha watu bure. Umeme wa ampere moja ukipita saa moja katika chumba kimoja cha batri iliyoshiba, unazaa karibu litre 0.42 ya idrojeni. Batri ya volti 12 iko na vyumba sita, basi ni litre 2.5. Ikiwa umeme ni ampere 10, tunapata litre 25 kwa saa. Kwa batri sita, kila moja na ampere 10 zake, ni litre 150 kwa saa.

Chumba chetu kina urefu wa metri 3, upana wa metri 2, na kimo cha metri 2.5. Ni metri kibu 15, ndiyo litre 15,000. Nne kwa mia yake ni litre 600. Gawanya 600 kwa 150: saa nne. Batri zikishiba saa sita ya muchana na jua likiendelea kupiga mpaka saa kumi, na regulateri ikiwa imeharibika, chumba kilichofungwa kabisa kinafika mlangoni pa hatari.

Ninajua mwalimu wa fizike atanisahihisha, na ana haki: chumba hakifungwi kama chupa, na regulateri nzuri inapunguza umeme batri zinaposhiba. Ni kweli. Lakini gazi hii haikai sawasawa katika chumba kizima. Inapanda, inatandaa chini ya plafo. Pale juu kipimo kinaweza kufika kwanza, wakati huku chini pua haisikii kitu, maana idrojeni haina harufu. Na buji inashikwa wapi? Mtu anaiinua juu ili aone vizuri.

HAYA SI MAMBO YA ENTERNA TU

Mkoa wetu wa Lualaba unaishi kwa asidi na umeme. Kule Kolwezi, asidi ya salfa ndiyo inayoyeyusha shaba na kobalti toka katika mawe, na malori ya asidi tunayaona barabarani. Asidi kali kabisa inaweza kukaa katika tangi ya chuma. Lakini ikichanganyika na maji, inaanza kula chuma, na idrojeni inazaliwa, sawa kama Cavendish alivyoona. Kwa hiyo tangi ambayo watu wanaiita tupu si tupu. Mtu akileta moto wa kuchomelea pale mbele ya kuiosha na kuipitisha hewa vizuri, anachomelea bomu. Wengi wetu tukimaliza Egzeta tutatafuta kazi kule. Bora tujue leo.

Hata basudere wa sokoni wanaijua vita hii, ingawa gazi yao ni asetileni. Katika shalumo, gazi na oksijeni vinachanganyika mbele ya kutoka mdomoni. Fundi akiachia gazi kidogo sana, unasikia "pa!", moto umerudi ndani ya bomba. Juu ya nini unarudi? Fikirieni mtu anayepiga kasia katika Kasai, anapanda kinyume cha maji. Maji yakikimbia sawa na nguvu yake, anabaki mahali pamoja. Maji yakipunguza mwendo, anapanda. Moto nao unapiga kasia kwenda kwenye gazi inayokuja. Metani inapiga kasia kwa santimetri 40 hivi kwa sekunde. Idrojeni inaweza kufika karibu metri 3. Ni mpiga kasia mwenye nguvu mara saba.

Njo maana waenjenia wakubwa wa Ulaya, Japani na Marekani, wanaotaka kuchoma idrojeni katika mashini za umeme pahali pa gazi ya kawaida, wanasumbuka na jambo lile lile la chumba chetu. Wakichanganya gazi na hewa mapema, moto unakuwa sawasawa, hauna sehemu za joto kupita kiasi, lakini unaweza kurudi ndani ya bomba na kuharibu mashini. Wakikataa kuchanganya mapema, moto unatulia mahali pake, lakini joto lake linapita kipimo, na azoti ya hewa inaungana na oksijeni kuwa gazi chafu inayoumiza mapafu. Kwa hiyo wanatengeneza vitundu vidogo mingi sana, kila kimoja na mwali wake mdogo, gazi na hewa vikikutana kwa haraka katika nafasi ndogo.

Na akili ile si mpya. Mwaka 1815 Humphry Davy aliwatengenezea wachimba makala ya mawe wa Uingereza taa iliyofunikwa na wavu mwembamba wa chuma. Moto ukifika kwenye wavu, chuma kinanyonya joto lake, hauwezi kupita. Wavu wa kuzuia idrojeni lazima uwe mwembamba zaidi: metani inashindwa kupita katika kitundu cha milimetri 2 hivi, lakini idrojeni inapita hata hapo, mpaka kitundu kishuke karibu nusu ya milimetri.

Tena, mwaka 2021 kampuni ya Fortescue ya Australia iliongea na wakubwa wa Kinshasa juu ya kutumia maji ya Inga kufanya idrojeni ya kuuza ngambo. Sijasema ni vizuri ao vibaya. Ninasema tu: inchi ambayo watu wanaitaja kwa idrojeni ya kesho, watoto wake wasiingie na buji katika idrojeni ya leo.

WANAOPINGA WANASEMA NINI

Nimeongea na wenzangu mbele ya kuandika. Wako waliosema: "Miaka yote tunaingia na buji, haijatokea kitu." Ni kweli, na tumshukuru Mungu. Lakini tumeona hesabu. Siku nyingi kipimo kilikuwa chini ya nne kwa mia, ao mlango ulikuwa umeachwa wazi. Siku regulateri itakapoharibika na mlango ukiwa umefungwa toka asubui, buji itakuwa ile ile lakini hewa itakuwa nyingine. Kupona kwa jana si ruhusa ya leo.

Wengine walisema: "Idrojeni ni nyepesi, itatoka yenyewe." Itatoka kama iko na njia ya juu. Chumba chetu kiko na nafasi chini ya mlango tu. Gazi nyepesi haishuki kutafuta mlango. Ni sawa na kufungulia ndege tundu la panya.

Wengine tena, na hawa ninawaheshimu zaidi, walisema: "Tukitoboa ukuta, wezi wataingia. Batri ni mali." Neno lao ni la kweli, batri zinaibiwa. Lakini hewa na mwizi hawana mwili mmoja. Tundu la santimetri 20 kwa 20, juu kabisa chini ya mabati, likiwekwa fito za chuma na wavu, linapitisha hewa na halipitishi hata mkono. Makuta hayakosi kwa kazi ile: patasi, nyundo, fito mbili za chuma, na Posho mbili za wanafunzi wenye nguvu.

NINALOOMBA

Kwa heshima yote mbele ya Bwana Prefe na baraza la walimu, ninaomba mambo matano.

1. Matundu mawili yatobolewe juu, kila moja upande wake wa ukuta, na moja chini ili hewa mpya iingie. Plafo itolewe ao itobolewe pale juu ya batri.

2. Buji, kiberiti na sigara visiingie kabisa. Mtu wa zamu atumie torchi, na aiwashe mbele ya kuingia, si akiwa ndani. Aache mlango wazi dakika kumi mbele ya kugusa kitu.

3. Umeme wa chaji ukatwe kwanza, kiisha vipini vitolewe. Asifanye kinyume. Bido la maji safi likae karibu na mlango siku zote, kwa macho na ngozi.

4. Regulateri ipimwe kila mwezi na fundi anayejua. Batri inayochemka sana na kunywa maji kila wiki inatuambia kitu. Tusiijibu kwa kuongeza maji tu.

5. Mwalimu wa shimi atuonyeshe idrojeni kwa macho yetu: kipande cha zinki, asidi kidogo iliyotiwa maji, tube moja ndogo ya kioo. Tube ikijaa gazi safi, inawaka kimya mdomoni. Ikiwa gazi nusu na hewa nusu, inabweka kama mbwa mdogo. Mwalimu aifanye mwenyewe, wanafunzi wakiwa mbali. Kwa kipimo kile kidogo hakuna anayeumia, na hakuna atakayesahau. Tumeandika mara mingi katika kaye zetu "idrojeni inawaka na sauti ndogo". Tumepata pointi. Lakini mwanafunzi aliyepata pointi zile ndiye huyo huyo anayeingia jioni na buji.

Neno hili la mwisho ndilo linalonikaa rohoni. Elimu tunayoipata katika klasi na kazi tunayoifanya nyuma ya bweni vinaishi kama majirani wasiosalimiana. Huku tunaandika 4 na 75 kwa Egzeta. Kule tunainua buji chini ya plafo. Wamama wetu hawakutenganisha hivyo: waliona moto unakataa, wakajua ni hewa, wakapepea. Sisi tulio na vitabu tusishindwe na mama mwenye mbabula.

Haya ni mawazo yangu. Anayeona tofauti aandike kwa namba inayokuja, tutamsoma kwa furaha. Lakini wakati tunangoja namba ile, zamu ya leo jioni, tafazali, acha buji kitandani, chukua torchi.



Mwanafunzi wa sayansi, klasi ya humanite ya tatu